Anza na Ukanda wa Ndani: Kukusanya na Kuonyesha Kofia za Vyama vya Udugu

Jumapili moja ya mwaka 2011 nilifungua bale la kofia pale Kibuye, Kisumu. Katikati ya kofia za besiboli na zile za sufu za watoto ikatokea tarbushi nyekundu, shada jeusi likining'inia ubavuni, na mbele imedariziwa kwa zari: AL MALAIKAH. Nikalisoma neno hilo mara mbili. Malaika! Kwenye kofia iliyotoka Marekani! Nikaiweka mezani nikiitaja shilingi mia. Watu waliishika, wakaigeuza, wakairudisha. Kijana mmoja akaniambia, "Mama, hiyo ni ya frimasoni, itupe kabla hujajiletea balaa." Jioni nikafunga meza, nikaibeba hadi nyumbani Manyatta.

Kesho yake nikaifua. Ilikuwa na vumbi, ukanda wake wa ngozi ulinuka jasho, nami miaka yote nimezoea kwamba mtumba haulali ndani ya nyumba kabla haujapitia maji. Beseni, maji ya vuguvugu, sabuni ya unga. Rangi ilichuruzika mpaka maji yakawa mekundu, kofia ikalegea kama mkate uliolowa, zari ikaanza kuwa kijani. Lakini hayo ningeyavumilia. Kwenye ule ukanda wa ndani mtu alikuwa ameandika jina lake kwa wino. Nililiona kabla ya kufua na sikulinakili. Nakumbuka tu kwamba lilianza na H. Nilipoigeuza kofia baada ya kuisuuza, palikuwa na doa la buluu, basi.

Ndiyo maana mtu akinijia akitaka kuanza kukusanya, simwanzishii habari za kabati wala za taa. Namwambia ageuze kofia, atazame ndani, na aandike anachokiona kabla hajafanya kingine chochote.

Hizi kofia ni za nani

Vyama vya udugu ni vyama ambavyo wanachama wake hula kiapo, husaidiana katika ugonjwa na mazishi, na hupanda ngazi moja baada ya nyingine, kila ngazi na nembo yake na vazi lake. Marekani ya karne ya 19 ilivijaa. Mzee akifariki huko, watoto wanasafisha nyumba, nguo zinatolewa sadaka, nyingine zinaingia kwenye mabale, na kofia aliyoivaa kwenye sherehe za chama chake miaka thelathini inafika Kibuye bila maelezo yoyote.

Zinazonifikia mara nyingi zaidi ni za Shriners. Chama hicho kilianzishwa New York mwaka 1870 na Wamasoni, ndio hao frimasoni, chama kikongwe cha udugu, wakiongozwa na daktari Walter Fleming na mwigizaji William Florence, na mpaka leo huwezi kujiunga nacho kama hujawa Mmasoni kwanza. Waanzilishi walivutiwa na mapambo ya nchi za Kiarabu, wakachukua tarbushi, wakayaita matawi yao mahekalu, na mahekalu mengi yakapewa majina ya upande huo: Mecca ni New York, Medinah ni Chicago, Murat ni Indianapolis, Syria ni Pittsburgh. Al Malaikah yangu ni ya Los Angeles. Chama hichohicho ndicho kilichofungua hospitali ya watoto huko Shreveport, Louisiana, mwaka 1922, wakati polio ilikuwa ikiwalemaza watoto wengi, kisha kikajenga nyingine nyingi baada ya hiyo. Jambo hili huwa nalitaja mapema kwa wageni, maana mtu akisikia Wamasoni peke yake mlango wa masikio unafungwa.

Neno tarbushi nilifundishwa na mzee mmoja Mnubi wa Kibos. Mimi nilikuwa naiita "kofia ya ndoo", kama wauzaji wenzangu. Akaishika kwa mikono miwili, akaniambia babu yake alikuwa askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na alivaa tarbushi, na kwamba kitu hiki hakiwekwi sakafuni. Baadaye nikajua historia yake ndefu: Wazungu waliiita kwa jina la mji wa Fes, Moroko, Sultani Mahmud wa Pili wa Uturuki aliwaamuru watumishi wa serikali yake waivae mwaka 1829, na mwaka 1925 serikali ya Mustafa Kemal ikaipiga marufuku. Kwa hiyo kofia ambayo Mturuki alikatazwa kuivaa, Mmarekani aliendelea kuivaa kwenye gwaride, na askari wetu waliivaa vitani. Hakuna kofia nyingine ninayoijua iliyotembea hivyo.

Kuisoma mbele si kazi ngumu. Mstari wa juu ni jina la hekalu. Katikati kuna upanga uliopinda, hilali inaning'inia, uso wa sfinksi, ile sanamu ya Misri, ndani yake, na nyota chini. Mstari wa mwisho, kama upo, ni cheo. Ukiona Potentate, huyo alikuwa kiongozi wa hekalu. Likitanguliwa na Past, muda wake ulikuwa umekwisha.

Usidhani kila tarbushi ni ya Shriners, na usidhani kila kofia ya chama ni tarbushi. Wapo Grotto, ambao yao ni nyeusi. Wapo Tall Cedars wenye kofia ya kijani yenye umbo la piramidi. Wamasoni wa Scottish Rite wana kofia fupi ya duara yenye tai wa vichwa viwili, nyeusi kwa ngazi ya 32 na nyeupe kwa ngazi ya 33. Knights of Columbus ni Wakatoliki watupu; chama chao kilianzishwa na padri, Michael McGivney, mjini New Haven mwaka 1882, na padri huyo alitangazwa mwenye heri mwaka 2020. Wanachama wao wa ngazi ya nne walivaa kofia ya pembe mbili yenye manyoya ya rangi, mpaka mwaka 2017 viongozi walipotangaza kwamba itabadilishwa iwe bereti. Za zamani ndizo sasa zinatupwa, na ndizo ninazozitarajia kwenye mabale ya miaka hii.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Prince Hall. Prince Hall alikuwa mtu mweusi huru wa Boston. Mwaka 1775 yeye na wenzake 14, wote weusi, waliapishwa na tawi la Wamasoni lililokuwa ndani ya jeshi la Waingereza, kwa sababu Wamasoni weupe wa mji huo hawakuwataka. Udugu wao uliendelea kivyake, na mwaka 1893 wakaanzisha Shriners wao mjini Chicago. Mahekalu yao yana namba, basi ukiona namba karibu na jina la hekalu, simama hapo uangalie vizuri. Yangu ina shada lililokatika nusu, na mwenyewe, au mkewe, alilishona upya kwa uzi mweusi wa kawaida, mishono midogo iliyobanana. Mtaalamu wa kofia angeliondoa shada hilo atie jipya. Mimi siligusi. Ile mishono ndiyo inayonionyesha kwamba kofia hii ilipendwa.

Kuzipata

Siri yote iko kwa wanaofungua mabale. Kofia nzuri za vijana huenda kwa kamera, yaani zile za kwanza zinazochaguliwa bale likikatwa tu, lakini tarbushi hakuna anayeihesabu kuwa kamera. Inasukumwa pembeni, inaingia fagia, na fagia huishia kuwa vitambaa vya kupangusia au kuchomwa. Kwa hiyo nilizunguka kwa wauzaji wa kofia wa Kibuye na Kondele, na kwa mmoja wa Nakuru tunayefahamiana, nikawaomba jambo moja: ukikuta kofia ya ndoo, au kofia yoyote yenye nembo usiyoielewa, usiitupe, nipigie. Nimelipa kati ya shilingi 50 na 300. Silii sana na bei. Muuzaji akijua hakupunjwa, safari ijayo atakukumbuka.

Ulizia pia boksi. Wamarekani wengi walibeba tarbushi zao ndani ya mkoba mgumu wa duara, na mkoba huo ukija kwenye bale huuzwa mahali pengine kabisa, kwa muuza mikoba. Mara mbili nimekuta kibandiko cha jina na anwani ndani ya kifuniko. Bila kuuliza ningekosa zote mbili.

Kuna kofia nisizozinunua. Wazee wetu wa Kijaluo wana zao za heshima: ogut tigo, ile ya shanga aliyojulikana nayo Jaramogi Oginga Odinga, na kondo, zile kofia za manyoya ya mbuni. Vijana huniletea mara mojamoja, na macho yao hayatulii. Kitu kama hicho kina ukoo nyuma yake, na tena kuna Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inayolinda mali za kale. Mimi humuuliza kijana babu yake ni nani na kama wajomba zake wanajua. Wengi huondoka hapohapo. Ukitaka kuona vitu vya namna hiyo, Makumbusho ya Kisumu yako pale, yamekuwa wazi tangu mwaka 1980.

Kusoma ndani

Kaa karibu na dirisha, mikono mikavu, daftari na penseli. Kalamu ya wino isikaribie kofia. Kama kofia inaonekana ya zamani sana, hasa ya felti laini ya manyoya ya wanyama, vaa glavu na barakoa: viwanda vya Marekani vilitumia zebaki kutengeneza felti mpaka walipokatazwa mwaka 1941. Tarbushi nyingi ni za sufu na hatari yake ni ndogo, lakini vumbi la kofia ya kale silivuti puani hata hivyo.

Fungua ukanda wa jasho kwa kidole, taratibu, uukunje nje kidogo tu. Chini yake mara nyingi kuna kikaratasi cha namba. Saizi za Marekani zinakwenda kwa vipande: 7 na 1/8 ni kichwa cha sentimita 57 hivi, 7 na 1/4 ni 58. Kisha tazama kwenye bitana, juu kabisa, penye chapa ya mtengenezaji. Columbus na Cincinnati za Ohio, na Kalamazoo ya Michigan, ni miji iliyokuwa na viwanda vikubwa vya mavazi ya vyama hivi.

Kama kuna anwani, kofia imekuambia umri wake. Baada ya jina la mji, tazama namba ya posta. Namba zenye tarakimu tano zilianza kutumika Marekani Julai 1963. Zenye tarakimu moja au mbili tu, kwa mfano "Chicago 14", ni za kati ya mwaka 1943 na huo wa 1963. Nilipolijua hili nilitoa kofia zangu zote usiku huohuo nikazikagua moja moja kwa tochi ya simu, na tisa zikapata umri wao.

Andika kila kitu, hata kisichoeleweka: herufi mbili za jina, alama ya kalamu, nywele, risiti iliyokunjwa ikatiwa ndani kubana saizi. Moja yangu ina kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne nyuma ya ukanda, kwa sababu kichwa cha mwenyewe kilikuwa kidogo kuliko kofia. Nimekipiga picha upande unaoonekana na nimekiacha palepale.

Friji kabla ya kabati

Adui mkubwa ni nondo wa nguo. Nondo mwenyewe hali kitu. Viwavi wake ndio wanaokula sufu, manyoya na felti. Utaona vitundu, utaona vijifuko kama uzi wa buibui, na punje ndogo kama mchanga. Kofia moja yenye mayai ikiingia kabatini, zote zimeingia hatarini. Vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo mimi sivitaki: mvuke wake si mzuri kwa mapafu, na sivitaki karibu na zari.

Dawa ni baridi. Mama mmoja wa samaki pale Dunga ana friji kubwa la kugandishia, na ananiachia kona moja. Joto linatakiwa lishuke mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, na kofia ikae humo wiki mbili kamili. Umeme ukikatika mpaka barafu ianze kuyeyuka, anza kuhesabu upya. Kufunga ndiko kwenye kazi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, natumia ile nailoni ngumu inayofunika godoro jipya. Wauza magodoro wananiwekea. Jaza kofia kitambaa ndani ishike umbo, ifunge kwa nailoni ya kwanza, toa hewa uwezavyo, ziba kwa selotepu, kisha nailoni ya pili. Tabaka mbili huzuia unyevu na, kwa friji hili langu, harufu ya mbuta. Ikitoka, usiifungue. Iache ndani ya nailoni siku nzima mpaka ipate joto la chumba, maana ukifungua mapema umande utatua juu ya sufu na juu ya zari.

Kuisafisha bila kuiua

Nunua brashi mpya ya rangi ya inchi mbili, yenye nywele laini. Piga vumbi kuelekea chini, kufuata mlalo wa sufu, kofia ikiwa imeshikwa kwa ndani kwa mkono wa pili. Kwenye darizi tumia brashi ndogo ya mchoraji na usisugue. Zari ni uzi uliozungushiwa madini, na ikishakuwa nyeusi haiwezi kurudi bila kupoteza ngozi yake. Dawa ya kung'arishia shaba itaing'arisha siku moja na kuila kabisa, tena itaacha doa jeupe kwenye sufu.

Kama ukuta wa kofia umebonyea, chemsha maji, ishike kofia sentimita 30 juu ya mvuke, sehemu iliyobonyea tu, na uirudishe kwa vidole kutoka ndani. Sekunde chache, pumzika, tena sekunde chache. Mvuke usifike kwenye nembo. Shada lililosokotana lichanue kwa vidole, uzi kwa uzi. Mimi huchukua jioni nzima kwa shada moja nikisikiliza redio, na ni kazi inayonituliza kuliko zote.

Jasho kwenye ukanda liache. Ni sehemu ya mtu.

Kichwa cha kuivalisha

Kofia ikilala kwa ukingo wake miaka, hupinda. Inahitaji kichwa. Kwa tarbushi nimejaribu vitu vingi na kilichonifaa ni mkebe mpya wa rangi wa lita nne, ule usiowahi kutiwa rangi; baadhi ya hardware huuza mitupu. Kipenyo chake ni karibu sentimita 17, na kichwa cha sentimita 57 ni kipenyo cha 18 na ushei, basi hiyo tofauti unaijaza kwa kitambaa. Mkebe hushika kutu Kisumu, kwa hiyo nauvika nailoni kwanza, kisha merikani. Ndiyo, merikani ileile ya bibi zetu, pamba isiyotiwa rangi. Ifue mara mbili kwa maji matupu ili wanga utoke. Zungusha mpaka kofia ikae bila kubanwa. Ukilazimika kuisukuma, punguza mzunguko mmoja. Kimo nakiongeza kwa duara la merikani iliyokunjwa juu ya mkebe, ili uzito wote ubebwe na kilele na ukingo wa chini uning'inie kidogo hewani.

Kwa kofia za duara, zile za Scottish Rite na bereti, kibuyu kinafaa sana. Chagua kilichokauka vizuri, ukikipiga kinalia, ukate shingo, uvike merikani. Karatasi ya gazeti usiitumie kujazia popote. Wino wake unahamia kwenye bitana na karatasi yenyewe inageuka njano na kuchoma kitambaa.

Mahali pa kuziweka

Kabati langu lilitengenezwa na fundi wa aluminiamu wa Kondele, vioo pande tatu, nyuma ubao uliopigwa rangi na kuachwa mwezi mzima ukauke kabla ya kofia kuingia. Nilimwomba aache matundu juu na chini ili hewa ipite, kisha nikayaziba kwa wavu mdogo kabisa. Halikuegemezwa kwenye ukuta wa nje, kwa sababu masika ya Machi hadi Mei ukuta huo hutoa jasho. Vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu navikusanya kwa wauza viatu wa Kibuye, naviweka kila pembe, na kila mwezi navianika juani siku nzima.

Jua lisizifikie kamwe. Nyekundu ya tarbushi hufifia upande mmoja na huo ndio mwisho wake. Taa yangu ni balbu ya LED, nje ya kabati, nayo naiwasha mgeni akiwepo tu. Wakazi wa kando ya ziwa wanajua sababu nyingine: sami, wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi na kufuata mwanga. Usiku mmoja nilisahau dirisha wazi na taa ikiwaka kabla vioo havijafungwa vizuri, asubuhi kofia nyeupe ya ngazi ya 33 ilikuwa na madoa ya kijani ya wadudu waliopondeka. Niliwapangusa wakiwa bado wabichi; laiti ningewaacha wakauke wenyewe, brashi ingewatoa. Madoa manne yapo hadi leo.

Manyoya yana habari yake. Kofia ya Knights Templar, kundi jingine la Wamasoni, nyeusi yenye pembe mbili, hupambwa kwa manyoya meupe ya mbuni. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 unyoya wa mbuni ni nyara, na nyara haikai kwako bila kibali, haidhuru ilitoka bara gani. Nyingi za miaka ya karibuni ni za plastiki. Kama kuna uzi mmoja uliokwisha kuanguka wenyewe, uchome mbali na kofia: plastiki huyeyuka na kufanya shanga ndogo ngumu, unyoya hunuka kama nywele zilizoungua. Ukinuka nywele, nenda kaulize ofisi ya wanyamapori kabla hujaiweka kabatini.

Wageni

Hapa Kenya huwezi kuonyesha kofia hizi bila kujibu swali la shetani. Waliokuwa watu wazima mwaka 1994 wanakumbuka Rais Moi alipounda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na jina la frimasoni likawa kwenye kila kinywa. Hofu hiyo siidharau. Nimeishi nayo, na dada yangu alikaa miezi minane bila kuingia sebuleni kwangu.

Nilichofanya ni kuweka kadi mbele ya kila kofia, Kiswahili chepesi, kwa herufi kubwa: kofia hii ni ya chama gani, cha wapi, cha mwaka gani, aliyeivaa alikuwa na cheo gani, nimeipata wapi. Hakuna pazia, hakuna kabati lililofungwa kwa kufuli chumbani. Kitu kilichofichwa ndicho kinachotisha. Pasta wetu alipokuja alisimama pale karibu nusu saa akisoma kadi zote. Akaniuliza kuhusu hadithi inayosambazwa kwenye simu, kwamba tarbushi ni nyekundu kwa damu ya Wakristo waliouawa Fes. Nikamwambia nimeitafuta habari hiyo na sikuona ushahidi wowote. Sufu hutiwa rangi, na tarbushi zimevaliwa na Wakristo, Waislamu na Wayahudi wa nchi zile kwa miaka mingi. Hakusema nimeshinda wala nimeshindwa. Aliomba tu nimwonyeshe ile ya Prince Hall kwa karibu, akaihesabu mishono ya shada.

Mgeni Mwislamu akiona upanga na hilali, mweleze mapema kwamba waliovaa si Waislamu na kwamba nembo ilichukuliwa kama pambo. Wengine huudhika, na wana haki yao. Usibishane.

Na usimruhusu mtu kuvaa kofia apige picha, awe mtoto, awe mheshimiwa. Mafuta ya nywele yanaingia kwenye bitana, lakini hata yasingeingia ningekataa. Aliyeivaa alikula kiapo kwanza.

Daftari

Kila kofia ina namba, na namba hiyo iko kwenye kijikaratasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba ndani ya ukanda, kwa penseli. Usichome pini, usibandike gundi. Kwenye daftari, mbele ya namba, naandika tarehe, niliinunua kwa nani, bei, bale lilitoka nchi gani, vipimo, maneno yote ya ndani na nje, na kila nilichoifanyia. Miezi ile ya mwaka 2020, kuanzia Machi mpaka Agosti, mitumba ilipozuiwa kuingia nchini kwa ajili ya korona, sikuwa na cha kuuza, nikaandika upya daftari zima na kupiga picha kila kofia pande nne. Nakala moja iko kwa binti yangu, pamoja na barua ya kusema kofia ziende wapi nikiwa sipo, maana naijua kazi hii: bila barua zitarudi fagia.

Namba moja bado ni AL MALAIKAH. Iko kwenye rafu ya juu, imepinda, imefifia, zari yake kijani. Kadi yake inasema aliyeivaa jina lake lilianza na H.

Ya 44 iko Dunga tangu Jumamosi, imefungwa nailoni mbili chini ya maboksi ya mbuta. Ni nyeusi, na nje haina maneno hata moja. Ikitimiza wiki mbili nitaiacha siku nzima mezani ipate joto, kisha nitaketi karibu na dirisha niufungue ukanda.